Regina wa Ukerewe na wanawake wa Hamukungu

Msomaji wa Hamukungu, kijiji cha wavuvi nchini Uganda, akiifungua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi atajiona nyumbani, ingawa kisa kinatokea Ukerewe nchini Tanzania. Riwaya hiyo ya mwaka 1971 ina ziwa, ina pombe, na ina baba anayemcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Wengi wetu humlilia Rosa. Mimi naona swali zito zaidi liko kwa mama yake, Regina, anayebeba nyumba mgongoni huku mumewe Zakaria akilewa na kumpiga. Tumezoea kumsifu mwanamke wa namna hiyo kwa subira. Lakini subira ya Regina haimtengenezi Zakaria wala haimwokoi Rosa, anayejiua mwishoni. Kinachomfunga mwanamke kwa mume mkatili, kwa maoni yangu, si upungufu wa moyo bali mikono mitupu, na kumhimiza avumilie ni kumwongezea minyororo.

Angalau Regina ana jembe. Hamukungu imo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako kulima hakuruhusiwi, kwa hiyo riziki ni samaki wa Ziwa George na ng'ombe. Mtumbwi kwa kawaida ni wa mwanamume, na zizi vilevile. Mwanamke husubiri mwaloni na beseni lake, anapewa ngege kwa mkopo, anawakausha au kuwakaanga, anauza, analipa deni, na kilichobaki ndicho mume anachokidai jioni. Akipigwa usiku, ataondoka na nini?

Kuna wanaosema vitabu vya aina hii vinawafundisha wasichana ukaidi. Hoja hiyo ni ya zamani; Rosa Mistika yenyewe ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kuruhusiwa baadaye. Lakini Zakaria hakutoka kitabuni. Utafiti wa taifa wa afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta karibu nusu ya wanawake wakikubali kwamba mume anaweza kuwa na haki ya kumpiga mkewe, na wanawake waliokubali walikuwa wengi kuliko wanaume waliokubali. Naamini somo hilo walilipata jikoni kwa mama na shangazi, tena wengi wao bila kusoma riwaya hata moja.

Wengine watasema sheria ipo. Ni kweli: ya ukatili wa majumbani ni ya mwaka 2010, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, ingawa haikuifuta mahari yenyewe. Uamuzi huo siupuuzi. Mbuzi wa Wakonzo kule Bwera au ng'ombe wa Wasongora hapa, wakishatumika kumwozea mke kaka wa binti, hawarudishiki, na ndiyo maana binti aliyekimbilia kwao alirejeshwa kwa mumewe kabla jeraha halijakauka. Mahakama imeifungua njia ya nyumbani kwa baba. Chakula cha kesho haikumpa, na haikuwa kazi yake.

Watakaohofu kwamba mwanamke mwenye mali ataivunja nyumba wamsome Celie katika The Color Purple ya Alice Walker, riwaya ya mwaka 1982. Naye anapigwa miaka mingi. Anamwacha mumewe, anashona suruali, anaziuza, anaishi kwa jasho lake. Ni baada ya hapo ndipo yule mume anapokuja kuketi naye, wanazungumza, naye anashika sindano. Celie alipokuwa hana kitu hakuzungumzishwa, aliamrishwa. Kwa Hamukungu ningeanzia mwaloni: leseni ya mtumbwi iandikwe jina la mwanamke, na wanaokopesha beseni la samaki wakubali kumkopesha na nyavu.