Cheti cha Zamani na Nyumba ya Jirani



Wako kati yetu wazee waliosomea umeme huko Kongo au Sudan miaka thelathini iliyopita. Vita vikawatoa kazini, wakashika jembe, wakachoma matofali. Sasa kazi ya waya imetufikia. Arua iliishi muda mrefu kwa jenereta. Mwaka 2012 ikaja mitambo ya maji ya Nyagak, megawati 3.5 tu, na mwaka 2024 West Nile ikaunganishwa na gridi ya taifa. Huku Koboko, hata Lobule, tunaona sola juu ya mapaa. Basi mzee mwenye cheti cha zamani anauliza: je, ninayo haki ya kushika koleo tena?

Swali hili lina pande mbili, na tusichukue mmoja tu.

Upande wa kwanza ni haki ya mzee. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi ya utaalamu wake, ikiwa vyeti vyake vinatambuliwa na wenye mamlaka. Na mkono uliozoea kukaza skrubu vizuri na kutoacha waya wazi hausahau upesi. Kumwambia mtu wa miaka hamsini na tano kwamba ujuzi wake si kitu kwa sababu karatasi iliungua na nyumba, ni kumkimbiza mara ya pili.

Upande wa pili ni haki ya jirani. Tuangalie rangi za waya. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza, kwenye umeme wa njia tatu, waya za moto zilikuwa nyekundu, njano na bluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Katika utaratibu mpya, ambao Uingereza yenyewe iliufanya wa lazima mwaka 2006, waya za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Nyeusi na bluu zimebadilishana kazi! Tena katika majengo ya zamani rangi za zamani bado zimo ukutani. Anayefuata kumbukumbu bila kupima kwa testa anacheza na mauti. Sola nayo ina yake: paneli inatoa umeme maadamu jua linaiangaza, hata ukizima swichi ya nyumba.

Mkulima akikosea, njaa humpata kwanza yeye mwenyewe. Fundi umeme akikosea, kosa linajificha ukutani, naye akiisha kulipwa anakwenda zake. Anayelipa ni mtoto anayegusa soketi, au familia iliyolala. Ndiyo maana Torati ilimwagiza mjenzi aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile.

Kwa hiyo tunasema hivi: kurudi kazini ni haki ya mzee, lakini kukataa kupimwa si haki yake. Mamlaka ya umeme ya Uganda, ERA, inatoa vibali vya mafundi kwa madaraja. Tena tangu sheria ya ufundi ya mwaka 2008, Uganda inapima hata ujuzi uliopatikana kazini. Kukaa kwenye benchi moja na vijana si aibu. Kijana anajua rangi mpya. Mzee anajua harufu ya waya unaoanza kuungua. Kila mmoja ana la kumfundisha mwenzake.

Wengine watasema: kupimwa kunataka pesa na nauli ya Arua, na watoto wanataka kula leo. Ni kweli. Lakini umaskini wetu hauwezi kulipwa kwa hatari ya jirani. Hapo mzigo unakuwa wa sisi sote. Tunaweza kuchanga nauli. Tunaweza kumwomba fundi mwenye kibali amchukue mzee awe msaidizi wake huku akijifunza mapya. Na tuache kumwita mzee afunge waya kwa bei ya chini kwa sababu tu ni wa kwetu. Huo si upendo kwake, wala kwa watoto watakaolala katika nyumba ile.