JE, AKIBA HAIOZI?

Wahenga walituachia neno hili: "Akiba haiozi." Yafaa tulipime kwa chombo kimoja cha nyumbani, yaani mashine ya kidijiti ya kurekodia televisheni.

Mashine hizi zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1999. Mojawapo ya zile za kwanza, TiVo, ilitumia diski badala ya kanda. Ile ndogo iliweka saa 14 za vipindi, na kubwa saa 30, kwa picha ya kiwango cha chini. Mwenye nyumba alichagua kipindi mara moja tu, nayo ikakirekodi kila kilipoonyeshwa, hata akiwa amelala. Nafasi ilipojaa, ilifuta cha zamani ili iweke kipya, isipokuwa mwenyewe ameagiza kisifutwe.

Basi tujiulize: aliyeweka kipindi asikitazame, amepata nini?

Haki ya kuweka ipo. Mwaka 1984, enzi za kanda, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba si kosa mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye. Miongoni mwa waliotoa ushahidi alikuwamo Fred Rogers, mchungaji wa Kipresbiteri aliyetengeneza vipindi vya watoto. Yeye hakuona vibaya jamaa kurekodi kipindi chake na kukitazama pamoja kwa saa inayowafaa. Tuangalie vema: haki hiyo ilitetewa kwa ajili ya kutazama, wala si kwa ajili ya kurundika.

Mashine iliyozeeka hulidhihirisha jambo hili. Diski huchakaa. Tena katika mashine nyingi picha zimefungwa kwa ufunguo wa siri, hata ukiihamisha diski kwenye chombo kingine haisomeki. Mara nyingi njia inayobaki ni kuunganisha waya za picha na sauti kwenye chombo cha pili, kisha kukicheza kipindi tangu mwanzo hadi mwisho. Saa 30 za vipindi zitachukua saa 30 kunakiliwa. Hapo mtu hulazimika kuchagua, na huenda akatambua kwamba vingi hakuvihitaji kamwe. Aliogopa tu kuvikosa.

Wako watakaosema, "Kuna ubaya gani? Diski haili chakula." Ni kweli. Lakini kila tunachokiweka kwa ajili ya wengine ni ahadi. Baba anamwambia mtoto wa miaka mitano, "Nimekurekodia, tutatazama Jumamosi." Jumamosi zinapita, kipindi kimo salama. Siku baba anapopata nafasi, mtoto ana miaka kumi na mitano na hana haja tena na vikaragosi. Akiba haikuoza, aliyewekewa ndiye aliyekua.

Kwa hiyo wahenga hawakukosea, ila neno lao lina mpaka. Fedha huweza kumngoja mtu. Utoto haungoji, wala uzee wa wazazi wetu haungoji. Mashine yaweza kuahirisha kipindi, lakini haiwezi kuahirisha watu wa kukitazama.

Tunapobonyeza kitufe cha kurekodi, tujiulize mambo mawili: ni kwa ajili ya nani, na ni lini tutaketi pamoja? Kama hatuna jibu, tukiache kipindi kipite. Na kama jibu tunalo, siku hiyo tuitimize.