Panga Kazi Kwanza, Ndipo Uilete Mashine

Wanangu, ninyi mnaoanza chuo cha ufundi mwaka huu, na ninyi mliokwisha kuvaa ovaroli na kupangiwa zamu, sikieni neno la mzee aliyekula chumvi nyingi katikati ya kelele za mota. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sabuni mliyoogea asubuhi, bati lililowafunika usiku, kanga ya mama zenu, kila kimoja kimepita mikono na mitambo mingi kabla ya kufika dukani. Nasaha yangu ni moja, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake: panga kazi kwanza, ndipo uilete mashine. Ukiikabidhi mashine kazi iliyopangika, itakuzalishia mali. Ukiikabidhi vurugu, itakuzalishia vurugu usiku na mchana, wala haitachoka.

Jueni kwanza mko katika kiwanda cha aina gani. Karakana inayochomelea geti leo na kukarabati pampu kesho ina desturi zake. Mashine zake hutumika kwa kazi zozote, na mtaji wake mkubwa ni akili ya fundi. Kiwanda cha dawa au cha rangi huenda kwa mafungu: mchanganyiko mmoja unakwisha, matangi yanasafishwa, mwingine unaanza. Kiwanda cha saruji hakilali. Ndani ya tanuri lake mawe hupikwa hadi nyuzi 1,450 hivi, na kulizima na kuliwasha upya ni hasara ya siku nzima au zaidi. Kisha kuna mstari wa kuunganisha, kama wa magari au pikipiki, ambapo kitu husogea kutoka kituo hadi kituo na kila mtu ana sehemu yake ya kazi. Asiyejua tofauti hizi atanunua mtambo wa mstari kwa ajili ya karakana, na mtambo huo utazeekea chini ya turubai.

Mkishajua aina, ifuateni mali kwa miguu. Anzeni pale malighafi inaposhushwa, ishieni pale lori linapopakiwa, mkononi mna saa na daftari. Kila kituo andikeni mambo mawili: kazi yenyewe imechukua dakika ngapi, na kusubiri kumechukua dakika ngapi. Mtagundua kwamba sehemu kubwa ya muda mali haifanyiwi chochote. Imekaa kwenye kreti ikingoja zamu yake. Kisha tafuteni kituo kinachokwenda polepole kuliko vyote. Tuseme mashine ya kuosha chupa ina uwezo wa chupa 12,000 kwa saa, ya kujaza 10,000, na ya kubandika lebo 6,000. Hicho ni kiwanda cha chupa 6,000, hata kibao cha getini kiseme nini. Bosi akileta mashine mpya ya kujaza yenye kasi maradufu, amenunua mlundikano wa chupa mbele ya mashine ya lebo. Hesabu hii haihitaji shahada, ila wengi wenye shahada huiruka.

Henry Ford husifiwa kwa mstari wa magari, na watu husahau alivyouanza. Mwaka 1913, kiwandani Highland Park, Michigan, majaribio ya kwanza ya kuunganisha gari la Model T likiwa linasogea yalifanywa kwa kulivuta kwa kamba na winchi. Kompyuta hazikuwapo, roboti hazikuwapo. Kilichobadilika ni mpango: kazi ikagawanywa vipande vidogo, vipuri vikawekwa karibu na mkono unaovihitaji, na gari likamfuata mtu badala ya mtu kulifuata gari. Muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka saa 12 na nusu hadi saa 1 na dakika 33. Lakini msichukue nusu ya habari. Kazi ile ilichosha roho, watu wakawa wanaiacha kwa wingi, na Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya kufikia dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya yale ya awali. Mpango usiomhesabu binadamu huleta bili yake baadaye.

Sasa nije kwenye mitambo inayojiendesha. Isiwatishe paneli yenye taa nyingi. Kila mtambo wa namna hiyo una kinachohisi, kinachoamua na kinachotenda. Ombeni ruhusa mwingie kiwanda cha maziwa mkajionee. Maziwa mabichi hupashwa hadi nyuzi 72, kisha hupita kwenye bomba refu yakiwa na joto hilohilo kwa sekunde 15. Mwisho wa bomba kuna kipimajoto, na mbele yake vali yenye njia mbili. Joto likitimia, vali hupeleka maziwa mbele yakapozwe na kufungashwa. Joto likipungua, vali hugeuka na kuyarudisha kwenye tangi la mwanzo yakapashwe upya. Sasa itazameni vali yenyewe kwa karibu. Husukumwa upande wa mbele kwa upepo wa kompresa, na hurudishwa nyuma na springi. Umeme ukikatika au upepo ukiisha, springi huirudisha yenyewe upande wa salama, na maziwa yasiyoiva hayamfikii mtoto wa mtu. Aliyeibuni alijiuliza mapema: kifaa hiki kikiharibika, kiharibikie upande gani? Jiulizeni swali hilo kila mnapounganisha waya.

Kinachoamua, siku hizi, ni kompyuta ndogo ya viwandani ambayo mafundi huiita PLC. Zamani kazi hiyo ilifanywa na makabati yaliyojaa rilei, na kampuni ya magari ilipobadili modeli, mafundi walifungua waya na kuzifunga upya kwa wiki nyingi. Kitengo cha giaboksi cha General Motors kikaomba kifaa kitakachobadilishwa kwa programu, na mwaka 1969 Dick Morley na wenzake wa Massachusetts wakatoa kile walichokiita Modicon 084. PLC husoma ishara zote zinazoingia, huipitia programu kutoka juu hadi chini, hutoa amri, kisha huanza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Programu yake iliandikwa kwa mchoro wa ngazi, unaofanana na michoro ya rilei, ili fundi umeme aliyekuwepo asitupwe nje. Huo ni uungwana wa kiufundi. Nanyi mkibuni kitu, kibuniwe kwa namna ambayo atakayekitengeneza saa nane za usiku ataweza kukisoma.

Kuna mashine nyingine napenda muifahamu. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda wa Japani alikamilisha mashine ya kufumia iliyojisimamisha yenyewe uzi wa mtande ulipokatika. Mashine isiyoweza kujisimamisha iliendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu aone, kwa hiyo ilihitaji mlinzi wake. Ilipoweza kujisimamisha, mfanyakazi mmoja akaangalia mashine nyingi. Uwezo wa kusimama ndio uliozaa kasi. Familia hiyo ndiyo iliyoanzisha Toyota, na wazo hilo wakaliingiza kwenye magari: mfanyakazi anayeona kasoro huvuta kamba juu ya kichwa chake, kiongozi wa kikundi hukimbilia hapo, na kama tatizo halijaisha, mstari husimama.

Nguvu ya mpango huo ilionekana Fremont, California. General Motors ilikuwa na kiwanda huko, kikasifika kwa utoro, ugomvi na magari mabovu, hata kikafungwa mwaka 1982. Miaka miwili baadaye kikafunguliwa kwa ubia na Toyota. Wengi wa wafanyakazi walikuwa walewale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilekile. Baadhi yao walipelekwa Japani kujifunza, wakarudi, wakapewa kamba ya kuvuta na neno la kusikilizwa. Haukupita muda, magari yao yakalinganishwa na yaliyotengenezwa Japani. Miaka hiyohiyo General Motors ilikuwa ikimwaga mabilioni ya dola kwenye roboti katika viwanda vyake vingine, na ubora uliokusudiwa haukuja hivyo. Kiwanda hicho cha ubia kikafungwa mwaka 2010, na jengo likanunuliwa na kampuni ya magari ya Tesla. Humohumo, Elon Musk wa Tesla alijaribu kuunganisha gari la Model 3 kwa mitambo kupita kiasi. Uzalishaji ukakwama, mtandao wa konveya ukang'olewa, na mwaka 2018 yeye mwenyewe akakiri hadharani kwamba amezidisha mitambo na kuwapunja binadamu thamani yao. Jengo moja limetoa somo lilelile mara mbili.

Mtaniuliza, basi mashine zitatunyang'anya kazi? Nyingine zitachukua, sitawadanganya. Ila angalieni roboti ya kwanza ya kiwandani ilipewa kazi gani. Iliitwa Unimate, ikaanza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, ikitoa vyuma vya moto kutoka kwenye mashine ya kusubu. Kazi hiyo iliwaunguza watu. Mkipewa nafasi ya kushauri, elekezeni mashine huko kwanza: kwenye joto, vumbi, sumu, na mizigo inayovunja migongo. Kisha pigeni hesabu kamili. Vipuri vinatoka wapi na vinachukua muda gani kufika? Umeme ukiyumba, mtambo utafanya nini? Nani hapa ana programu yake, na nakala imehifadhiwa wapi? Mtambo ambao fundi wake yuko ng'ambo ya bahari ni deni hata kama umekwisha kulipiwa.

Wenye programu msiidharau grisi. Beringi hulia kabla ya kufa. Mtu mwenye masikio atasikia mapema, akabadilisha kwa mpango Jumapili badala ya kubadilisha kwa dharura Jumatano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kiwandani ukuta huo hujengwa kwa saa za ziada na oda zilizochelewa. Kihisi kilichoingiwa na vumbi humdanganya PLC, na PLC huamini kila anachoambiwa. Kwa hiyo mtambo ukigoma, msikimbilie kubadili programu iliyofanya kazi jana. Chukueni kitambaa, mfute lenzi, mkaze nati, mpime volti.

Na la mwisho nalisema kwa ukali. Mtu asiingize mkono kwenye mashine kwa kuwa tu imesimama. Zima swichi kuu. Funga kufuli yako mwenyewe, weka kibao chenye jina lako, ufunguo uingie mfukoni mwako, usimpe rafiki wala msimamizi. Toa upepo uliobaki kwenye silinda, kwa sababu silinda yenye upepo husogea hata umeme ukiwa umezimwa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha uhakikishe haiwaki. Ikiwa bosi atasema hakuna muda wa hayo, mwambie kwa adabu kwamba vidole havina vipuri, na usifungue kifuniko.

Wanangu, siku mtakapoitwa kushauri juu ya mtambo mpya, msianze na katalogi. Ombeni siku chache za kuifuata mali kwa saa na daftari, waulizeni wale wanaoishika kila siku, ondoeni kusubiri kusiko na maana, kisha ndipo mseme mashine gani inahitajika, na kama inahitajika. Atakayefanya hivyo hatakosa kazi katika kiwanda chochote.