Jasho la Wawili

Eklezia yafundisha kwamba ndoa ya Wakristo, ikiisha kukamilika, haivunjwi na hakimu yeyote. Hata hivyo talaka za serikali hutolewa hapa Kisangani, na mali hugawanywa. Je, mtu aliyeachwa akienda kudai fungu lake, atenda dhambi? Hapana. Katekisimu ya mwaka 1992 yasema kwamba talaka ya serikali yaweza kuvumiliwa, iwapo ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, watoto au mali.

Sheria ya Jamaa ya Kongo ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Yawapa wenye kuoana njia tatu: kila mtu na mali yake, au ushirika wa mali yote, au ushirika wa vile walivyochuma katika ndoa. Wasipochagua, hufuata njia hii ya tatu. Basi kiwanja walichonunua Mangobo au Kabondo baada ya arusi ni cha wote wawili, hata kama karatasi ina jina la bwana peke yake.

Lakini tufanye mfano. Bibi auza samaki na mihogo sokoni miaka mitano, ili bwana wake asome Chuo Kikuu. Bwana apata shahada, apata na kazi, kisha amwacha. Nyumbani mna kitanda, masufuria na redio. Vikigawanywa sawasawa, je, haki imetimia?

Bwana atasema: "Mshahara wa kesho ni jasho langu." Neno hili lina kweli ndani yake. Mtu hamiliki mikono ya mwenziwe, wala haifai mmoja awe mtumwa wa mwingine maisha yake yote. Lakini shahada ile haikushuka kutoka mawinguni. Ilinunuliwa kwa jasho la wawili, kama kile kiwanja. Tofauti ni kwamba kiwanja chaonekana, elimu haionekani. Mchumia juani hulia kivulini: mbona huyu aliyechumia juani afukuzwe kivulini?

Basi anachodai bibi si sadaka, ni deni. Na deni likiisha kulipwa, limekwisha. Sheria nayo yamruhusu hakimu kumpa mwenzi aliyedhurika na talaka fungu la pekee katika mali ya mwenziwe, kwa mara moja au kwa vipindi. Matunzo ya watoto ni neno jingine, nayo hayapunguzwi kwa ajili hiyo. Na kama ni bwana aliyemsomesha bibi uuguzi, hukumu ni ile ile.

Ninyi mnaojitayarisha kwa arusi, msiishie kanisani na kwa wazee tu. Andikisheni ndoa yenu katika ofisi ya komini, ulizeni habari za zile njia tatu, tena wekeni karatasi za ada za masomo pamoja na za kiwanja. Kufanya hivyo si kumshuku mwenzio. Ni kukiri mapema, wakati wa upendo, kwamba kazi yake umeiona.