Je, Ardhi ya Serikali Haina Mwenyewe?

Hapa Lubondja jua tunalo tele, na wengi wetu tungefurahi umeme wake ufike zahanati na shuleni. Lakini tujiulize: kazi njema ikiwekwa juu ya ardhi ya serikali, yatosha kuwa ni njema?

Mitambo mikubwa ya jua huhitaji uwanja mpana. Mgeni huuona mtupu. Mama aokotaye kuni pale, mchungaji apitishaye ng'ombe, mzee achimbaye dawa, hawauoni hivyo. Hati hawana, haki wanayo.

Huko Kenya, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimamishwa katika nchi ya wafugaji, na ardhi iliyotolewa ilikuwa ekari 150,000. Upepo hauchafui hewa. Hata hivyo, mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa kufuata sheria.

Sheria ya Kongo ya tarehe 9 Julai 2011 yaagiza mazingira na maisha ya watu yachunguzwe kabla ya kazi ya namna hii. Papa Fransisko naye, katika waraka wake Laudato si' wa 2015, alifundisha kwamba uchunguzi usifuate nyuma ya mpango, na wenyeji wapewe nafasi ya pekee. Maana kuuliza baada ya kuamua si kuuliza, ni kutangaza.

Basi siku tukiitwa, twende, tuseme kweli. Asiyelima pale asidai shamba. Naye alimaye asinyamaze.