Wanangu wa Sironga, Msiringe kwa Kupona

Wanangu, nimelisema hili kanisani, nimelisema matangani, na leo nalirudia ingawa pumzi si ile ya zamani. Hapo steji ya bodaboda bado nawasikia: "Mimi korona ilinishika nikapona, sindano ya nini?" Siwabishii kwamba mwili uliopona hujifunza. Hujifunza kweli, na adui akirudi humtambua mapema.

Lakini kumbukeni yaliyotukuta. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, kule Kilifi walipima damu ya wachangiaji wa nchi nzima. Katikati ya mwaka 2020, waliokuwa na alama za maambukizi walikuwa kama 4 katika kila 100. Kufikia Machi 2021 walikaribia nusu, na chanjo ndiyo kwanza ilikuwa imetua Nairobi tarehe 3 mwezi huo. Kinga ile yote ilitokana na kuugua. Je, ilitutosha? Aina mpya ya kirusi hicho, Delta, ikaingia Kisumu, na ilipofika Juni serikali ikataja kaunti 13 zilizolemewa, Kisii na Nyamira zikiwemo, tukaamriwa kuwa nyumbani saa moja jioni. Mwisho wa mwaka ikaja aina nyingine, Omicron, ikawarudia hata waliokwisha kuugua.

Shule ya ugonjwa, wanangu, hufundisha vizuri, ila karo yake hulipwa na mwingine. Kijana akikohoa siku tatu akarudi kuchuma majani chai, nyanya yake aliyemletea uji ndiye anayezikwa. Chanjo hutoa somo hilohilo bila kudai maiti. Nayo si ngome kamili: nguvu yake hupungua, na aliyechanjwa aweza kuambukizwa, ila mara chache huugua hadi kufa. Aliyepona kisha akachanjwa ana kinga pana na ya kudumu zaidi kuliko mwenye moja tu. Wa namna hiyo wakiwa wengi kijijini, kila mgonjwa huambukiza wachache, na wazee wetu hupata nafasi ya kupumua.

Sasa naona mzaha uleule mkiupeleka kwenye surua, na hapo roho inaniuma. Eti mtoto augue, apate kinga ya asili! Ni kweli, surua ikimpata mtu mara moja ni nadra kumrudia. Lakini ugonjwa huo hufuta kumbukumbu za mwili juu ya magonjwa mengine, mtoto akapona surua kisha nimonia ikammaliza. Na surua huenea upesi mno, hivi kwamba wenye kinga wasipofika 95 katika kila 100, hupata mlango.

Basi fungueni vile vitabu vya kliniki leo jioni. Tafuteni sindano ya surua ya miezi 9, na ile ya miezi 18 ambayo wengi huisahau. Ikiwa imekosekana hata moja, mpelekeni mtoto zahanati kesho. Hospitali za serikali huitoa bure.