Mwanafunzi Ugenini: Abadili Nini, Ashike Nini?

Wazee wetu wametuachia mithali mbili ambazo, tukizitazama upesi, twaona zapingana. Ya kwanza yasema, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja jicho lako." Ya pili yasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Basi kijana wetu avukaye bahari kwenda kusoma katika chuo kikuu, aitii ipi? Akiifuata ya kwanza tu, atarudi kwetu mgeni. Akiifuata ya pili tu, huenda asirudi na elimu yo yote.

Asiyefika huko hudhani kwamba shida kubwa ni baridi. Kweli, katika mji wa Edinburgh, Uskoti, mwezi wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi ya alasiri. Lakini dawa ya baridi ni koti. Lililo gumu ni adabu. Sisi tumelelewa kunyamaza mkubwa asemapo, na kumbishia mwalimu mbele ya watu twaona ni utovu wa adabu. Kule mwalimu huketi na wanafunzi wachache, akamwuliza kila mmoja, "Wewe waonaje?" Anyamazaye kwa heshima hudhaniwa hakusoma. Basi kijana hulala na huzuni: akisema, aona amemvunjia mkubwa heshima, asiposema, ahesabiwa mjinga. Je, ni kosa akijifunza kusema?

Na tukisome Kitabu cha Danieli, sura ya kwanza. Danieli na wenzake watatu walikuwa mateka katika Babeli, nao wakawekwa miaka mitatu wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo. Walipewa majina mageni, wala hatusomi kwamba walikataa. Elimu ile waliisoma hata wakawapita wote. Lakini chakula cha mfalme na divai yake hawakukubali, maana vingewatia unajisi. Tena walikataa kwa upole, wakiomba wajaribiwe siku kumi.

Hapa mithali zetu zapatana. Ya kwanza yasema habari za desturi, ya pili habari za moyo. Heshima ni ya moyo. Kunyamaza ni vazi lake tu. Kule heshima huvaa vazi jingine, nalo ni kusoma kwa bidii, kisha kusema kweli kwa upole. Kijana na abadili vazi bila hofu. Lakini jambo likimfundisha kusema uwongo, au kuwadharau wazazi wake, au kuacha sala, ajue kwamba hicho ndicho chakula cha mfalme.

Julius Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh tangu 1949 hata 1952. Aliporudi Tanganyika alifundisha shule ya Pugu. Na baadaye akautafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, ukapigwa chapa mwaka 1963. Alichokipata ugenini alikitia katika chombo cha nyumbani.

Lakini tusimwachie kijana mzigo wote. Akituambia kwamba ameanguka katika mtihani, au kwamba upweke wamla, mara nyingi twamjibu, "Tuliuza ng'ombe ili ukalie huko?" Tangu siku ile hutuambia kwamba yote ni mema. Simu hulia kila juma, habari ni njema, naye yu katika giza peke yake. Hapo si wageni waliomwondoa kwetu. Ni sisi tuliomfungia mlango wa kusema kweli.

Danieli alipokuwa Babeli aliomba madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Twawaonya vijana wetu wasifunge dirisha lile. Nasi wazazi na walimu, tusifunge la upande wetu. Mwana akilia, tumsikilize kwanza, na habari za ng'ombe tuziache zikae.